Siku nane kushuka na mto: mkopo, mipira ya matone na watu niliowakuta

Siku ya 1

Nimeanza leo huku juu kabisa karibu na chemchemi, na nategemea kushuka na mto mpaka bonde linapoishia, shamba kwa shamba, pikipiki pale njia inaporuhusu na miguu pale inapogoma. Mi ni fundi wa umwagiliaji, miaka yote kazi yangu ni kufunga pampu na kutandika mipira ya matone, yaani ile ya vitundu inayodondoshea mimea maji tone tone, mambo ya mikopo nilikuwa nawaachia wanaoyajua. Ila kuna chama cha akiba na mikopo kiliwakopesha wakulima wadogo wa bonde hili vifaa vya kumwagilia, sasa marejesho yamelegea vibaya, wakanipigia simu, fundi hebu pita utuangalizie kama shida ni vifaa au shida ni watu. Nikawajibu nitapita, ila nitaandika ninachokiona hata kisipowapendeza. Wakasema sawa, wakanipa orodha ya wakopaji, majina mengine yamechorwa mstari mwekundu. Hao wekundu ndo wanaoitwa wadaiwa sugu.

Wa kwanza kumtembelea hana mstari. Ni mama wa makamo mwenye kashamba ka hatua ishirini kwa kumi, hoho na kabichi. Nimemkuta alfajiri anafungua koki ya tanki la lita 1,000 lililoinuliwa kwenye jukwaa la miti, urefu wa mita moja tu, na hiyo mita moja inatosha kusukuma maji kwenye mipira ile myepesi iliyotengenezwa kwa presha ndogo. Tukakaa tukapiga hesabu kwa vidole. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwahiyo kashamba ka mita za mraba 200 kwenye jua kali, mimea ikitaka milimita 5 kwa siku, ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Lakini hizo ni zile zinazofika kwenye mzizi! Ukimwaga kwa ndoo au ukafungulia mfereji, nusu nzima inaweza kupotelea njiani na kwenye magugu, unajikuta unahitaji ndoo 100. Kwa matone ni kama 55 hivi. Mama akacheka akasema yeye hajawahi kufika hata 70, hoho zilikuwa zinakunja majani saa sita mchana na yeye mwenyewe amekaa chini ya mti anashika kiuno.

Nikamuuliza saivi hali ikoje. Akanijibu, "Mwanangu, zamani nilikuwa nalala na mgongo, saivi nalala na rejesho."

Hakuna dharau katika hilo jibu, anaupenda mfumo wake, amejenga hata kibanda kidogo cha kulikinga tanki na jua. Ila nimeliandika kama alivyolisema.

Siku ya 2

Leo sikwenda mbali, nimeshinda shamba moja. Kijana wa miaka ishirini na kitu, jina lina mstari mwekundu, nusu eka ya nyanya, alikopa pampu ya petroli pamoja na mipira ya matone. Nimekagua kila kitu, vifaa vizima, kafunga vizuri kabisa, matuta yamenyooka, mipira imelala sawa. Nyanya ndo zimedumaa, majani ya chini ya njano, unaona kabisa njaa ya mbolea. Nikamuuliza mbona hujaweka ya kukuzia? Akaingia ndani akatoka na kitabu cha marejesho, akakiweka mapajani kwangu, hakusema neno.

Nikakifungua. Mkopo umetoka, na wiki mbili baadaye muhuri wa rejesho la kwanza. Wiki iliyofuata muhuri. Iliyofuata muhuri. Alafu nikaanza kurudisha nyuma kwenye kichwa changu: siku anapokea pampu, miche ilikuwa ndo kwanza inaota kitaluni, hapo mpe wiki nne, ikihamishiwa shambani mpe miezi miwili na nusu mpaka mitatu ndo achume tenga la kwanza. Yaani karibu miezi minne hakuna shilingi, dola wala rupia inayotoka kwenye hiyo nusu eka, na kitabu kinadai kila wiki! Sasa hiyo pesa ilikuwa inatoka wapi? Akanihesabia bila hasira. Kwanza akauza mbuzi. Alafu akafanya vibarua kwa watu, siku ambazo alitakiwa awe kwake anapalilia. Alafu hela ya mbolea aliyokuwa ameitenga akailipia rejesho mara tatu mfululizo. Mwisho akaenda kukopa kule kwenye kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kunyonya, ili alipe mkopo wa pampu, akijua kabisa anachokifanya, kwa sababu wenzie wa kikundi walishaanza kumpigia simu usiku.

Hapo niliona aibu kweli. Mi ndo niliyekuwa nasifia huu mfumo kwa watu miaka yote, naenda nafunga naondoka, sijawahi hata siku moja kumuomba mkulima anionyeshe kitabu chake.

Tukageuza mfuko wa mbolea uliokwisha tukaandika juu yake na mkaa. Aliambiwa riba ni asilimia 20 kwa mwaka, na ni kweli ndivyo kilivyoandikwa kitabu, ila riba yenyewe inapigwa kwenye mkopo mzima kana kwamba hela yote bado unayo mpaka siku ya mwisho. Chukua mkopo wa 1,200 kwa miezi 12, riba 240, unalipa 120 kila mwezi. Mwezi wa sita ukiisha ushalipa nusu lakini riba bado unatozwa kama mtu aliyeshika 1,200 nzima. Ukipiga kwa ile hesabu ya salio linalopungua inakuwa kama asilimia 35. Kijana aliniangalia akaniuliza kwahiyo nilidanganywa? Nikamwambia hukudanganywa, ila hukuambiwa yote, na huo ni udhalimu wake.

Usiku nikawa najiuliza hii ratiba ya kila wiki ilitoka wapi. Mikopo hii midogo tunayoijua leo chimbuko lake kubwa ni Bangladesh, Muhammad Yunus alianza 1976 kijiji cha Jobra, akatoa dola 27 za mfukoni kwa watu 42, wengi wao wakitengeneza vigoda vya mianzi, 1983 ikawa benki ya Grameen na 2006 yeye na benki wakapewa Nobel ya Amani. Sasa fikiria mtu wa kigoda. Leo anakisuka, kesho anakiuza, kumdai kila wiki ni kumsaidia, hela haipati muda wa kupotea. Ratiba ile ile ukimpelekea mtu wa nyanya umemfunga jiwe shingoni. Na si kwamba hili halijulikani. Erica Field na wenzake walijaribu Kolkata kule India, wakopaji wengine wakaanza kulipa mara moja kama kawaida na wengine wakapewa miezi miwili ya kupumua kwanza, matokeo yalitoka 2013: waliopumua waliwekeza zaidi kwenye biashara zao na baada ya miaka kadhaa kipato chao kilikuwa juu. Ila pia, na hili lazima lisemwe, walioshindwa kulipa waliongezeka katika hilo kundi. Ndo maana wakopeshaji wanaogopa. Naelewa woga wao. Lakini mwenye kuubeba huo woga kwa sasa ni huyu kijana peke yake.

Siku ya 3

Barabara mbovu, mnyororo wa pikipiki umekatika mara mbili, shamba moja tu.

Mzee ana pampu ya kukanyaga ya zamani, alishamaliza mkopo wake miaka iliyopita na bado anaikanyaga. Nimepanda na mimi nikakanyaga robo saa, mapaja yanawaka moto lakini maji yanatoka mazito, mzigo wa mguu huu unashusha, ule unapanda, ukishashika mdundo unaweza kuongea na mtu huku unafanya kazi. Hii kitu nayo ni ya Bangladesh, mhandisi wa Norway anaitwa Gunnar Barnes aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1970, mbao na mianzi na silinda mbili, alafu shirika la IDE la Paul Polak likaisambaza miaka ya 80 kwa kupitia mafundi na wauzaji wadogo wa huko huko vijijini, zikauzwa zaidi ya milioni moja. Siri yake ni ndogo sana: bei yake mkulima aliweza kuirudisha kwa msimu mmoja. Mkopo wa kitu cha namna hiyo ni mfupi, unaisha kabla mvua nyingine haijaharibu mipango.

Mzee anasema washa mbili tu kabadilisha, yaani zile pete za kuzibia ndani ya silinda, za ngozi, anakata mwenyewe.

Siku ya 4

Leo ni siku ya filta.

Mkulima wa vitunguu, mstari mwekundu, miezi minne hajalipa. Amenipokea kwa maneno makali, fundi na nyie mlituletea takataka. Nikamwambia baba, twende tukaione hiyo takataka. Tukafika, mipira ipo, tanki lina maji, koki imefunguliwa, na vitunguu vinakufa. Nikachagua mstari mmoja tukahesabu pamoja matobo yote 40, tukipita tumeinama na kikopo, tunakiweka chini ya kila tobo tunahesabu mpaka sitini. Yanayotoa 13. Mengine makavu kabisa, na mengine yanarusha maji kama yamepasuka. Nikaangalia vizuri nikakuta ametoboa na sindano ya kushonea nguo. Maskini alikuwa anayafungua! Njia ya maji ndani ya kitone si tobo lililonyooka, ni kijia chembamba cha kona kona ambacho ndo kinapunguza presha mpaka maji yadondoke tone tone, ukitia sindano umekivunja na lita zote zinaishia hapo, wenzie wa mbele wanakosa.

Nikamuuliza filta mara ya mwisho umeifungua lini. Akaniuliza, "Filta ni ipi?"

Ilikuwa pale pale kwenye kichwa cha mfumo, kikombe cheusi kimekaa kwenye njia ya maji, amepita mbele yake kila siku kwa mwaka mzima. Nikafunga koki nikakizungusha, kimegoma, tukakifunga na kitambaa tukazungusha wawili, kikaachia. Kilichotoka ndani sitakisahau, ute wa kijani mzito kama kamasi, mchanga, bawa la mdudu, na ule wavu wa ndani wenyewe umetumbukia katikati kwa kuvutwa. Harufu ya kisima kilichooza. Tukauosha kwa mswaki wa zamani wa mtoto wake mpaka mwanga ukaonekana kwenye vitundu vyake. Alafu tukaenda mwisho wa kila mpira pale ulipokunjwa na kufungwa, tukafungua mmoja mmoja tukaacha maji yasukume, yakatoka ya kahawia, yakaja ya chai, mwishoni yakawa meupe. Mistari yote tumemaliza saa tisa. Tukarudia kuhesabu ule mstari wetu wa kwanza: 31 yanatoa. Tisa yamekufa moja kwa moja, yale ya sindano tumeyaziba na vipande vya mpira.

Baba wa watu alikaa kwenye tuta akawa anaangalia tu. Akasema angejua hili la dakika kumi kwa wiki angekuwa ameshamaliza deni. Muuzaji aliyemletea mzigo aliushusha, akapigwa naye picha kwa ajili ya chama, akaondoka, hajarudi. Kwenye mkopo kuna hela ya mipira, ya tanki, ya usafiri. Hamna hela ya wavu wa akiba, na hamna hela ya fundi kurudi hata mara moja baada ya mwezi. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye daftari, FUNDI ARUDI MARA MBILI, IWE NDANI YA MKOPO, kwa sababu chama kinaona deni limekufa kwa uvivu wa mtu na hapa limekufa kwa ute.

Siku ya 5

Nimelala kwa watu wema, asubuhi nikapelekwa kwenye kikao cha kikundi cha kinamama kumi na wawili. Wanne wana mipira ya matone, wanane wanataka na hawapati. Kisa ni dhamana. Chama kinataka hati ya ardhi au wadhamini watatu wenye akiba. Ardhi hapa wanailima wao, karatasi ina jina la mume, la shemeji, au la marehemu. Mjane mmoja alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Hilo shamba nimelilima miaka kumi na tisa, ila nikitaka kulikopea inabidi nikampigie magoti mdogo wa mume wangu." Kimya kikatanda.

Na wadhamini nao, nani atakudhamini wakati yeye mwenyewe anajua mwenzake wa jana alinyang'anywa akiba kwa deni la rafiki? Nimesikia kesi mbili za watu wasioongea tena.

Nikawasimulia jaribio moja la Kenya ambalo huwa nalikumbuka kila nikiliona tanki. Ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, walikuwa wanakopeshwa matanki ya kuvunia maji ya mvua kupitia chama chao. Kwa masharti ya kawaida ya amana na wadhamini waliochukua mkopo ni asilimia 2.4 tu. Masharti yakageuzwa, tanki lenyewe likawa ndo dhamana, ukishindwa tunalichukua, wakapanda mpaka karibu asilimia 42. Na hawakukimbia na matanki, karibu wote walilipa. Wale kinamama waliposikia waliniuliza maswali kwa saa nzima, hasa mmoja ambaye alitaka kujua nani anapima thamani ya tanki lililotumika, na kama limepasuka inakuwaje. Swali zuri. Mipira ya matone ikishakaa juani miaka mitatu thamani yake ni ndogo, pampu na tanki na paneli vinaweza kubeba dhamana lakini mipira haiwezi, lazima chama kikubali kupoteza kidogo hapo.

Niliwaambia pia ukweli mwingine ili nisiwauzie ndoto. 2015 zilitoka tafiti sita kwa mpigo kuhusu mikopo midogo, za Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, na kote huko jibu lilifanana, mkopo ulisaidia kidogo kwa baadhi, watu walipata uhuru wa kuchagua, lakini haukuwatoa watu wengi kwenye umaskini. Mimi naamini mkopo wa kifaa kinachoongeza mavuno moja kwa moja una nafasi nzuri zaidi kuliko pesa taslimu tu. Ila ni imani yangu ya kazi, niliwaambia hivo hivo.

Siku ya 6

Bonde limeanza kufunguka, hapa ndo kuna paneli nyingi. Vijana watatu wa nyumba moja wamekopa pampu ya sola miaka miwili iliyopita, wanalipa kwa wakati, hawajawahi kuchelewa, chama kinawapeleka kila semina kama mfano. Na wanastahili, wachapa kazi haswa. Walianza na nusu eka, saivi wana eka mbili zote za matone, vitunguu vya mstari kama wamechora na rula.

Nikawauliza pampu inafanya kazi saa ngapi kwa siku. Wakasema jua likitoka mpaka likizama. Kwa nini isifanye? Zamani walikuwa na injini ya petroli, kila lita ya mafuta iliwauma, wakizima mapema. Jua halina risiti. Nimechimba na mkono kwenye tuta moja, udongo ulikuwa umelowa mpaka chini kabisa ya mizizi, maji yanaendelea kushuka ambako hakuna kitunguu kinachoyafikia, na mbolea inaondoka nayo. Nimewaeleza kuhusu kile kifaa kinaitwa Chameleon, Richard Stirzaker wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, alikibuni, unazika vipimo kwenye kina tofauti na taa inakuambia, bluu kuna maji mengi, kijani wastani, nyekundu pakavu. Wakulima waliokipata kwenye skimu za Msumbiji, Tanzania na Zimbabwe wengi walipunguza mara za kumwagilia wenyewe, bila kulazimishwa, kwa sababu waliona bluu siku ambayo wangemwagilia. Kifaa cha namna hiyo ndo kingekuwa kwenye mkopo wa sola, kabla hata ya paneli ya pili.

Kuna kitu kingine kimenikaa tangu mchana. Sisi mafundi tunasema matone yanaokoa maji, na shambani ni kweli. Lakini maji yaliyokuwa yanapotea kwenye mfereji mengi yalikuwa hayapotei, yalikuwa yanazama chini na kurudi mtoni au kwenye visima vya watu wa chini. Mkulima akiyaokoa alafu akayatumia kuongeza eka, yanaondoka kabisa, yanapaa hewani kupitia majani ya mimea. Mwaka 2018 Quentin Grafton na wenzake waliliandika hili kwenye jarida la Science, kwamba ufanisi ukipanda shambani maji yanayobaki kwenye bonde mara nyingi hayaongezeki. Na kilimo ndo kinachukua kama asilimia 70 ya maji baridi yote yanayovutwa na binadamu duniani, si jambo dogo hili. Nilikuwa nimelisoma. Kulisoma na kusimama kwenye ukingo ukaona mto umekuwa mwembamba kuliko jana ni vitu viwili.

Siku ya 7

Mto umeisha.

Sio kwamba umekauka ghafla, ulikuwa unapungua, ukawa vidimbwi, ukawa mchanga wenye unyevu, ukawa mchanga. Nimetembea juu yake.

Jina la mwisho kwenye orodha yangu ni bibi mmoja, mistari miwili myekundu. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, wewe ndo umekuja kuchukua pampu? Nikamwambia hapana bibi, nimekuja kuiangalia. Ana pampu ya kukanyaga, mpya kabisa, rangi ya pedali haijachubuka, imekaa juu ya kisima chake na imefunikwa na gunia. Anailipia mkopo na hajapata maji kutoka kwake miezi mitano.

Nikaivua gunia nikakanyaga. Hewa. Nikamwagia maji ya kuamshia, nikakanyaga, ikashika kidogo ikakata. Nikakagua vali, nzima. Washa, nzima. Bomba halivuji. Nikatoa kamba yangu yenye fundo kila mita moja, nikafunga jiwe, nikashusha kisimani. Mita nane na robo mpaka kwenye maji.

Nikakaa chini. Pampu ya kunyonya haivuti maji, inaondoa hewa tu na uzito wa hewa ya nje ndo unayasukuma maji juu, na hata kwa hesabu za vitabuni huo uzito hauwezi kusukuma zaidi ya mita 10 na kidogo, kwa pampu halisi ya shambani ni kama mita 7 basi. Hata ukileta wanaume kumi wakanyage. Bibi anasema wakati anakopa maji yalikuwa karibu, alikuwa anateka kwa kamba fupi, fundi aliyefunga aliyaona. Yameshuka misimu hii miwili.

Misimu miwili. Nikatoa orodha nikaangalia tarehe. Zile pampu za sola za juu, zote, zimekopeshwa ndani ya misimu hiyo hiyo, na chama kile kile. Yaani mkopo mmoja umeondoa maji chini ya mkopo mwingine, kitabu cha wale vijana kinang'aa na kitabu cha bibi kimechafuka, na katika ofisi ile hakuna mtu aliyewahi kuviweka vitabu viwili mezani pamoja kwa sababu kila mkopo unaangaliwa peke yake kama vile kila shamba lina mto wake. Nililia kidogo nikiwa nageuza pikipiki, nasema kweli.

Siku ya 8

Nimempigia afisa mikopo jana usiku, na kwa sifa yake amekuja, amefika saa tatu. Vijana wa sola nao wamekuja na pikipiki, wawili kati ya watatu. Bibi ametoa viti vyote alivyonavyo.

Sikuhutubia. Nilishusha kamba kisimani mbele yao, nikawapa wahesabu mafundo wenyewe. Kijana mkubwa alihesabu mara mbili. Alafu nikaweka kile kitabu cha bibi na tarehe za pampu zao pembeni. Kulikuwa na ubishi, na ulikuwa wa haki, yule kijana akasema sisi tumekopa kihalali na tunalipa, mnataka tuzime mitambo tushindwe na sisi? Afisa akasema mkopo ukishatoka hawezi kubadilisha ratiba bila bodi. Bibi alikuwa kimya muda mwingi, aliongea mara moja tu, akasema yeye hadai maji ya mtu, anataka tu deni lisimame mpaka kisima kirudi.

Tulichofikia mpaka saa nane ni hiki. Vijana watazima siku mbili kwa wiki kuanzia kesho na watajaribu kuangalia udongo kwa mkono kabla ya kuwasha, na watawaambia wenye sola wengine, ingawa hawana uwezo wa kuwalazimisha. Afisa amesimamisha rejesho la bibi kwa mamlaka yake mwezi mmoja, huo mmoja ndo anaoruhusiwa, na mengine anayapeleka kwenye bodi: rejesho la wakulima kuanza baada ya mavuno ya kwanza, ziara mbili za fundi ndani ya mkopo, kifaa chenyewe kuwa dhamana, na hakuna sola mpya bondeni mpaka visima vya chini vipimwe. Kuhusu hilo la mwisho alisita sana, kwa sababu sola ndo zinazolipa vizuri. Yule kijana wa nyanya nimemtaja kwa mdomo, nimemuomba afisa apitie kwake akirudi, ameahidi.

Wamekwisha kuondoka. Nilikuwa nakusanya vifaa, bibi akaniuliza ile kamba inauzwa wapi. Nikamwambia hii siuzi, nakuachia. Nikachukua kitambaa chekundu nikafunga kwenye fundo la saba, nikamuonyesha, bibi, maji yakifika hapa au juu ya hapa, pampu itavuta, nipigie siku hiyo hiyo. Akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kisimani akaishusha taratibu mwenyewe, akaipandisha akashika mahali palipolowa, akafika kwenye kitambaa akapima kwa mkono. Bado dhiraa mbili na nusu.

Akaitundika kwenye mti hapo pembeni, atapima tena asubuhi.